Farasi kachomwa homoni: maabara inajuaje?

*Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni bodaboda, niko Ng'ambo hapahapa Tabora. Jioni tunaingia kibanda cha kubeti, na siku hizi tunawekea mpaka farasi wa Uingereza na Afrika Kusini. Juzi tumebishana. Mwenzangu anasema farasi akichomwa homoni hawawezi kumkamata, kwa sababu homoni hata mwili wenyewe unatengeneza. Mimi nasema wanapima. Nani yuko sahihi? Wanapima nini hasa, na kwa nini majibu yanachukua wiki na wiki? Halafu, kama farasi wangu alikuwa wa pili na wa kwanza akaja kunyang'anywa ushindi, mkeka wangu unafufuka?*

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuelewane tunazungumzia farasi gani. Wale wanaokimbia kwenye skrini kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, ni katuni. Hao hawana damu wala mkojo, sina la kukusaidia. Nazungumzia farasi wa nyama na mifupa: wa Newmarket kule Uingereza, wa Kentucky kule Marekani, wa Turffontein kule Johannesburg, au wa jirani kabisa, Ngong pale Nairobi. Kwetu farasi hastawi, na sababu unaijua ukishapita porini kuelekea Sikonge: mbung'o. Ndorobo inammaliza farasi upesi. Punda anavumilia zaidi, ndiye tuliyebaki naye.

Sasa ubishi wenu. Mwenzako kashika nusu ya ukweli, tena ile nusu ngumu.

Mkufunzi akimpa farasi dawa ya maumivu ya kiwandani, kazi ya maabara ni kuiona tu. Ikionekana, kesi imekwisha, maana hakuna farasi anayezaliwa nayo. Homoni haiko hivyo. Testosteroni imo ndani ya kila farasi, dume kwa jike. Homoni ya ukuaji imo. EPO, ile homoni ya figo inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, nayo imo. Ukiikuta hujathibitisha chochote. Maabara haiulizi "ipo?", inauliza "imetoka wapi?", na jasho lote linatoka kwenye hilo "wapi".

Wewe ni mtu wa Tabora, kwa hiyo nitumie asali. Mtu anakuuzia chupa barabarani, anaapa ni ya mizinga ya magome, nyuki wamekula maua ya mtundu na muba. Wewe unahisi kachanganya sukari. Ukiipeleka maabara ukaomba wapime kama ina sukari, watakucheka, kwa sababu asali yenyewe ni sukari. Zile mbinu za mtaani, kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha au kuidondoshea mchangani, hazithibitishi kitu. Kinachomuumbua mwenye chupa ni kaboni. Mimea haivuti hewa ya ukaa kwa njia moja. Miti ya miombo, na karibu miti yote, ina njia yake. Miwa, mahindi, mtama na majani mengi ya nchi za joto yana njia nyingine, na hiyo inabakiza kaboni nzito kwa wingi zaidi kidogo. Kaboni nzito ni kaboni ileile, ila ina uzito wa 13 badala ya 12, na iko kama moja katika kila mia. Tofauti kati ya mti na muwa ni ndogo mno, lakini mashine inaiona, na nyuki hana uwezo wa kuifuta. Zaidi ya asilimia 7 ya sukari iliyomo ikiwa na alama ya miwa au mahindi, asali hiyo inahesabiwa imechakachuliwa.

Mashine ya aina hiyohiyo inatumika kwa testosteroni. Ile ya kiwandani hutengenezwa kwa malighafi ya mimea, hasa soya, na soya iko upande wa miti, haiko upande wa miwa. Mwanariadha aliyekula ugali na nyama ya ng'ombe wa majani ya joto ana kaboni nzito nyingi kuliko ile ya kwenye sindano, kwa hiyo akijidunga inajitokeza. Kwa farasi wa Ulaya mambo yanakwama. Yeye mwenyewe anakula shayiri na nyasi za nchi za baridi, mimea ya upande uleule wa soya. Sindano na mwili vinashabihiana. Ni kama ukiambiwa utafute asali ya mtundu iliyochanganywa na asali ya muba. Farasi huyohuyo angelishwa pumba za mahindi na majani ya huku kwetu, wangemkamata asubuhi na mapema. Huwa nacheka peke yangu nikilifikiria hilo.

Ndiyo maana kwa farasi wanategemea zaidi mpaka wa wingi. Farasi wengi wa mbio wamehasiwa, na aliyehasiwa hana korodani, anabaki na testosteroni kiduchu ya tezi zilizo juu ya figo. Kanuni ya kimataifa ya mbio inamwekea mpaka wa nanogramu 20 katika kila mililita ya mkojo; nanogramu ni gramu iliyogawanywa kwa bilioni. Jike amewekewa 55. Kwenye damu wote wawili mpaka wao ni pikogramu 100 kwa mililita, na pikogramu ni sehemu ya elfu ya nanogramu. Ukivuka, umevuka. Dume asiyehasiwa huwezi kumwekea mpaka huo kwa sababu yeye ni kiwanda, tena kiwanda cha ajabu: anatengeneza hata nandroloni, steroidi (homoni ya kujenga msuli) ambayo watu wamefungiwa michezo kwa ajili yake. Kwake wanalinganisha mabaki mawili yaliyomo kwenye mkojo, moja dhidi ya jingine, na mizani ikielemea upande usio wa kawaida ndipo maswali yanaanza.

Njia ninayoipenda mimi ni ya mkia. Testosteroni tupu ukiichoma kwenye msuli inaisha haraka, haifai kwa biashara. Kwa hiyo kiwanda huipachika mkia, kipande cha kemikali kinachoitwa esta, ili ichuruzike polepole kwa siku nyingi. Mwili wa farasi unatengeneza testosteroni, lakini hautengenezi testosteroni yenye mkia huo. Ukiikamata moja tu mkia ukiwa bado umeshika, hakuna cha mpaka wala mizani. Imetoka kwenye chupa. Shida ni kwamba mwili unakata mikia hiyo upesi, na kinachoonekana kwenye damu ni punje. Ila baadhi hupenya kwenye shina la unywele na kubaki humo. Manyoya marefu ya shingo na ya mkia hukua kama sentimita mbili kwa mwezi. Wanayakata usawa wa ngozi, wanayaosha, wanayagawa vipande kwa mpangilio wa miezi, wanayasaga, kisha wanatafuta. Sentimita 24 ni kama daftari la mwaka mzima. Mkia wa homoni unakutwa ndani ya mkia wa farasi.

EPO nayo ina kisa chake. Ya kiwandani iliruhusiwa Marekani mwaka 1989 kwa wagonjwa wa figo, na haikuchukua muda ikaingia kwenye mbio za baiskeli. Wakubwa wa baiskeli mwaka 1997 wakaweka kanuni nyepesi: chembe nyekundu zikizidi asilimia 50 ya damu ya mwanamume, hashindani. Kwa farasi kanuni hiyo ingekuwa kichekesho. Farasi ana bandama kubwa ambayo ni ghala la chembe nyekundu. Akiwa ametulia bandani, chembe ni kama asilimia 40 ya damu yake. Mtie hofu au mtoe mbio, bandama inajikamua kama mtu anavyokamua nguo, na muda si mrefu kipimo kinagonga 60 na kupita. Hata akishtuka tu alipokuona na sindano, namba imeshapanda kabla hujatoa tone. Ukihesabu chembe utakuwa unapima woga wake.

Na hapo jiulize faida yenyewe iko wapi. Damu ambayo tayari inafika 60 ukiiongezea chembe inakuwa nzito kama uji wa ulezi, na moyo ndio unaosukuma uji huo. Kibaya zaidi, EPO inayopatikana madukani ni ya binadamu. Mwili wa farasi unaweza kuitambua kuwa ni mgeni na kutengeneza kingamwili, na kingamwili hizo zikishazoea kazi zinaishambulia mpaka EPO ya farasi mwenyewe. Uboho unanyamaza. Wako farasi waliokufa kwa upungufu wa damu kwa njia hiyo, na mtu aliyewachoma alikuwa anataka damu iongezeke.

Lakini ugeni huo ndio unaoisaidia maabara. EPO ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 165, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Ya farasi inafanana nayo sana, ila zipo sehemu zinazotofautiana, kama Kinyamwezi na Kisukuma: unasikiliza unadhani ni kilekile, mpaka neno moja linamtoa mtu. Wanachukua damu, wananasa EPO yote iliyomo, wanaikatakata kwa kimeng'enya, kisha mashine inapima uzito wa kipande kimoja kimoja. Kikitokea kipande ambacho kimo kwenye EPO ya binadamu na hakimo kabisa kwenye ya farasi, mkufunzi hana pa kukimbilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha njia hiyo kwa damu ya farasi.

Homoni ya ukuaji ilikuwa mtihani wa aina nyingine, kwa sababu ya kiwandani ilitengenezwa kwa mfano wa farasi kabisa na iliwahi kuuzwa Australia kama dawa halali. Hapo hakuna lahaja ngeni. Ila bakteria walioitengeneza waliacha asidi amino moja ya ziada, methionini, mwanzoni mwa mnyororo wa karibu 190. Moja hiyo inatosha. Na wapo waliokwepa homoni zenyewe wakatumia chumvi ya kobalti, ambayo inaudanganya mwili kwamba hewa ya oksijeni imepungua ili figo zitoe EPO zenyewe. Kobalti imo kidogo kwenye vitamini B12, haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo nayo imewekewa mpaka: nanogramu 100 kwa mililita ya mkojo.

Mpaka hapa utadhani wewe umeshinda ubishi. Subiri. EPO inaonekana kwenye damu kwa siku chache tu, ilhali chembe nyekundu ilizozileta huishi zaidi ya miezi minne. Ukimpima farasi siku ya mbio peke yake, wewe ni trafiki anayesimama mahali palepale kila siku, na nyie bodaboda mnavaa helmeti mkifika hapo tu. Ndiyo maana siku hizi wanavamia mazizini bila taarifa. Aprili 2013 wapimaji waliingia kwenye mazizi ya Newmarket yaliyokuwa chini ya mkufunzi Mahmood Al Zarooni, wa kampuni ya Godolphin, wakachukua sampuli za farasi 45, na 11 wakakutwa na steroidi. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amefungiwa miaka 8. Hawakuwa farasi wa siku ya mbio. Walikuwa mazoezini, wakati ambao steroidi hujenga msuli na mtu anaamini hakuna anayetazama.

Na mwenzako naye nimpe haki yake, kwa kisa cha Marekani. Machi 2020 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki watu 27 kwa mkupuo: wakufunzi, madaktari wa mifugo, wauza dawa. Mmoja alikuwa Jason Servis, mkufunzi wa Maximum Security, farasi ambaye siku chache tu nyuma alikuwa wa kwanza kuvuka mstari kwenye Saudi Cup, mbio za dola milioni 20. Mwingine Jorge Navarro. Farasi wao walikuwa wakipimwa kama farasi wengine. Kilichowaponza zaidi ni simu zao, ambazo FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuwa wanazisikiliza. Navarro alihukumiwa miaka 5, Servis 4. Daktari wa mifugo Seth Fishman, aliyetengeneza na kuuza dawa kwa lengo kwamba vipimo visizione, alipewa 11. Hilo la Fishman linaniuma kuliko yote, maana ni mtu wa taaluma yangu, aliyesomea jinsi mwili wa mnyama unavyofanya kazi akautumia ujuzi huo hivyo. Maabara hutafuta kile inachokijua. Molekuli mpya isiyo na jina inaweza kupita mbele ya mashine ya mabilioni bila mashine kupepesa.

Umeuliza kwa nini wiki na wiki. Anza na mkojo wenyewe. Farasi akimaliza mbio anaongozwa kwenye banda la sampuli, amezungushwa akapoa, amepewa maji, sakafuni wametandika nyasi kavu maana farasi hapendi kujirushia matone miguuni. Mpimaji anasimama pembeni ameshika fito yenye kikombe mwishoni, na anapiga mluzi. Sikutanii. Farasi wengi wamezoeshwa tangu wakiwa wadogo kukojoa wakisikia mluzi, basi utamkuta mtu mzima na kitambulisho shingoni anapiga mluzi mwembamba dakika arobaini nzima. Akigoma kabisa, wanachukua damu kwenye mshipa wa shingo. Sampuli inagawanywa A na B, inafungwa kwa lakiri, inapewa namba badala ya jina, na mtu wa upande wa farasi anatia sahihi kwamba ameona.

Hiyo lakiri na namba watu huiona urasimu. Mimi niliwahi kutoa damu ng'ombe thelathini mnadani, nikaandika namba za mirija kwa kalamu ya wino, nikaweka kwenye boksi la barafu. Nilipofika maabara barafu ilikuwa imeyeyuka, na wino umeondoka nayo. Mirija thelathini ya damu nzuri kabisa, na hakuna hata mmoja uliokuwa na mwenyewe. Nilirudi kijijini kuomba radhi na kuanza upya, na wenye ng'ombe hawakunipokea kwa maziwa. Kwa farasi wa mamilioni, wakili wa mkufunzi anaanzia hapohapo: nani aliishika, saa ngapi, ilikaa wapi. Halafu kipimo cha kwanza ni cha kuchuja tu. Kilichotiliwa shaka kinapimwa upya kwa njia nyingine ya kuthibitisha, na mkufunzi ana haki ya kudai sampuli B ikafunguliwe kwenye maabara nyingine. Kila hatua ina foleni yake.

Na vipimo vimekuwa vikali hadi vinaleta ugomvi wa aina nyingine. Kentucky Derby ya Mei 2021 alishinda Medina Spirit, na kwenye damu yake wakakuta betamethasoni, dawa ya jamii ya kotisoni inayotuliza uvimbe, pikogramu 21 kwa mililita. Pikogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa kwa trilioni. Piga hesabu: ni sawa na kukoroga vijiko vitano vya chai vya sukari kwenye lita bilioni moja za maji, kisha mtu akaonja akasema hapa kuna sukari. Upande wa mkufunzi, Bob Baffert, ulisema imetokana na marhamu ya ugonjwa wa ngozi. Waamuzi wakasema kanuni haijali imeingilia mlango gani, siku ya mbio haitakiwi kuwemo. Februari 2022 ushindi ukaondolewa, akapewa Mandaloun aliyekuwa wa pili.

Hapo ndipo mkeka wako unapoingia. Waliokuwa wamemwekea Medina Spirit walilipwa siku ileile ya mbio na hakuna aliyewadai warudishe. Waliomwekea Mandaloun hawakulipwa ushindi, ingawa farasi wao sasa ndiye mshindi kwenye vitabu. Uingereza nako ni hivyohivyo: wapanda farasi wakishapimwa uzito na matokeo yakatangazwa rasmi, malipo yanafuata matokeo hayo, hata maabara ikija kusema vingine miezi tisa baadaye. Angalia kanuni za kampuni unayobetia, lakini mimi ningekuwa wewe tiketi ile ningeshaitupa.